Käthe Paulus, Mshonaji Aliyekunja Uhai wa Wengine

Ziko kazi ambazo ubora wake huonekana mara moja. Mwashi akimaliza ukuta, watu huutazama. Fundi cherehani akimaliza gauni la kipaimara, mama wa mtoto huligeuza ndani nje, huchungulia mishono, ndipo hutoa fedha. Lakini ziko kazi nyingine ambazo anayezitegemea hawezi kuzikagua. Abiria anayepanda basi Makambako kuelekea Dar es Salaam hamjui fundi aliyekaza breki za basi hilo, wala hamuulizi. Ubora wa kazi ile utajulikana gari litakapokuwa linateremka Kitonga. Leo tunawasimulia maisha ya mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa ya namna hii ya pili. Aliitwa Katharina Paulus, na watu wa nchi yake walimzoea kwa jina la Käthe. Alikuwa mshonaji, na alichoshona na kukunja kilikuwa parachuti.

Tunasema parachuti, si parachichi. Katika mkoa wetu wa Njombe, ambako miti ya parachichi imejaa vilimani, mtoto anaweza kusamehewa akiyachanganya maneno haya mawili. Parachuti ni ule mwavuli mkubwa wa kitambaa unaomshusha mtu polepole kutoka angani. Wengi wetu tumeuona kwenye televisheni, wanajeshi wanaporuka kutoka ndegeni katika sherehe za kitaifa. Huko Diani, pwani ya Kenya, watalii huruka nao kwa kujifurahisha, wakatua juu ya mchanga mweupe. Kwa kawaida mrukaji wa kujifurahisha hubeba mgongoni parachuti mbili katika mkoba mmoja: ya kwanza ya kutumia, na ya pili ya akiba. Ile ya akiba ndiyo inayotufikisha kwa Käthe Paulus.

Alizaliwa tarehe 22 Desemba 1868 katika kijiji cha Zellhausen, katika nchi ya Hesse nchini Ujerumani, si mbali na mji wa Frankfurt. Familia yake haikuwa na mali. Alijifunza ushonaji, kazi iliyowapa riziki mabinti wengi wa maskini wa nyakati zile, na kwa sindano alijipatia mkate. Kama asingekutana na mtu mmoja, huenda angezeeka akishona nguo za watu, na sisi tusingekuwa na sababu ya kumtaja.

Mtu huyo alikuwa Hermann Lattemann, mrushaji wa maputo. Ndege hazikuwapo bado. Waliotaka kupaa walitumia puto kubwa la kitambaa lililojazwa gesi nyepesi, na kupaa huko kulikuwa tamasha. Watu walilipa kiingilio, bendi ikapiga muziki, puto likapanda, na likiisha kufika juu sana mrushaji alijitupa chini akiwa na mwavuli wake. Hatusemi kwamba starehe ile ilikuwa njema yote. Katika umati wa namna ile hawakosi waliokuja kwa matumaini ya siri ya kuona mtu akianguka, na jambo hilo halijatoweka duniani hata leo.

Wazo lenyewe la mwavuli wa kushukia lilikuwa la zamani, na Wakatoliki tunaweza kufurahi kidogo kwamba mmoja wa waliolichora mapema alikuwa askofu. Fausto Veranzio, mzaliwa wa Šibenik katika nchi ya Kroatia ya leo, alitoa kitabu cha mitambo mwanzoni mwa karne ya 17, na ndani yake mna picha ya mtu akishuka kutoka mnarani chini ya kitambaa cha pembe nne. Mwaka 1797 Mfaransa André-Jacques Garnerin aliruka kweli kutoka kwenye puto juu ya jiji la Paris, akafika chini salama ingawa aliyumbishwa vibaya njia nzima. Kwa karibu miaka 100 baada yake wanamaonyesho waliendelea kwa namna ileile kwa sehemu kubwa. Mwavuli ulining'inizwa ubavuni au chini ya puto ukiwa wazi wazi, kamba zake zikipeperushwa na upepo, na anayeruka akiomba zisijisokote.

Lattemann alihitaji mtu wa kushona na kutengeneza maputo na miamvuli yake, na Käthe alikuwa na mikono hiyo. Akawa msaidizi wake, kisha mchumba wake. Mwaka 1891 walipata mtoto wa kiume kabla ya kufunga ndoa. Hatuandiki hili ili kumnyoshea kidole mtu aliyekwisha kuhukumiwa na Mungu mwenye huruma. Lakini kuliruka kungekuwa kusimulia maisha ya mtu mwingine asiyekuwa yeye. Ndoa yenyewe haikufungwa kamwe.

Haikupita muda akawa haridhiki na kukaa chini akishona huku wengine wakipaa. Mwezi Julai 1893, mjini Nuremberg, alipanda na puto kwa mara ya kwanza kama mrukaji, akajitupa, akashuka salama. Alikuwa na miaka 24. Tangu hapo wawili hao walifanya maonyesho pamoja mji baada ya mji.

Tarehe 17 Juni 1894 walikuwa Krefeld. Walipanda pamoja katika puto moja. Käthe aliruka kwanza, na mwavuli wake ukafunguka. Lattemann alibaki juu kwa sababu siku ile alitumia kifaa alichokibuni mwenyewe, nacho ni puto ambalo gesi ikishatolewa lingegeuka na kuwa mwavuli wa kumshusha. Gesi ilitoka, lakini puto halikugeuka mwavuli. Likabaki tambara refu juu ya kichwa chake. Käthe, akiwa bado ananing'inia hewani chini ya mwavuli wake uliofunguka vizuri, alimwona mchumba wake akimpita kuelekea ardhini, na hakuwa na lolote la kufanya.

Aliugua kwa huzuni. Na msiba haukuwa mmoja: mtoto wao naye alifariki akiwa na miaka minne hivi, kwa ugonjwa wa dondakoo. Akina mama wa leo wanaijua dondakoo kama jina tu kwenye kadi ya kliniki, katika orodha ya chanjo. Kwa akina mama wa wakati ule lilikuwa jina la kaburi.

Hapa ndipo wengi tungetegemea kwamba angerudi kwenye nguo za watu, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi kweli kwenye sindano, lakini akarudi pia angani. Jambo hili limetupa taabu kidogo tulipokuwa tukiandika. Wapo watakaosema kwamba kurudi kule kulikuwa kumjaribu Mungu, na hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana maisha si mali ya kuchezea jukwaani. Lakini tukitazama alichokifanya kwa miaka iliyofuata, tunaona zaidi ya ujasiri wa kutafuta makofi. Tunamwona mtu aliyeshuhudia kwa macho yake kitambaa kikikataa kufunguka, na tangu siku ile akashughulika na swali moja: kitambaa kikunjwe namna gani ili kisikatae?

Jibu lake la kwanza lilikuwa mfuko. Badala ya kuacha mwavuli ukining'inia wazi, aliukunja kwa utaratibu maalumu, kamba zikipangwa ili zisivukane, na kuuweka ndani ya mfuko uliofungwa kwenye puto. Mrukaji alipojitupa, uzito wa mwili wake ndio uliovuta. Kitambaa kilitoka chote kikanyooka, na hatimaye ugwe mwembamba uliokishikilia kwenye puto ukakatika wenyewe, na mwavuli ukajaa hewa. Wapo wengine, hasa Marekani, waliokuwa wakitafuta njia za namna hiyo, na wanahistoria hubishana nani apewe heshima ya kwanza. Ubishi huo tunawaachia wao. Tunachokiona sisi ni kwamba tangu mwavuli ulipoingia mfukoni, usalama wa mrukaji ulihamia mikononi mwa aliyeukunja. Mwavuli unaoning'inia wazi unaweza kuutazama kabla hujaruka. Uliokunjwa na kufungwa mfukoni huoni kilichomo. Unamwamini fundi, au huruki.

Jibu lake la pili ndilo lililowashangaza watazamaji zaidi. Aliruka akiwa na miamvuli miwili. Wa kwanza ulipokwisha kufunguka na watu kupumua, yeye aliuachia kwa makusudi, akaanza kuanguka upya mbele ya macho yao, kisha akaufungua wa pili. Kwa umati ule ulikuwa mchezo wa kutisha. Kwa waliokuja baadaye, mna ndani yake kanuni nzima ya parachuti ya akiba. Mrukaji wa leo ambaye mwavuli wake mkuu umejisokota hufundishwa jambo hilohilo na kwa mpangilio huohuo: kwanza aachane kabisa na ule ulioharibika, ndipo afungue wa akiba, maana miamvuli miwili ikifunguka pamoja huweza kunasana na kumwangusha. Mshonaji kutoka Zellhausen alikuwa akilifanya hilo jukwaani miaka mingi kabla halijawa fundisho.

Inafaa tukae kidogo kwenye hiyo parachuti ya akiba jinsi ilivyo leo, maana wengi wetu hatujawahi kufikiri kuwa yupo mtu ambaye ajira yake ni kuikunja. Parachuti kuu mrukaji huruhusiwa kuikunja mwenyewe, na wengi hufanya hivyo ndani ya dakika chache, wakiwa wamepiga magoti sakafuni. Ile ya akiba haiguswi ila na fundi aliyesomea na kupewa leseni. Nchini Marekani mtu hawezi kuipata leseni hiyo kabla hajakunja angalau parachuti 20 za aina anayoiombea chini ya usimamizi, na kufanyiwa mtihani. Fundi huitundika parachuti, huikagua paneli kwa paneli mbele ya mwanga akitafuta tundu au doa, hupitisha kila kamba vidoleni, hutazama kila mshono na kila pete ya chuma. Ndipo huanza kukunja. Kitambaa kipana kama sebule lazima kiingie katika nafasi ndogo kama mto wa kulalia, tena kwa mpangilio utakaokiruhusu kutoka bila kusita ndani ya sekunde chache. Kazi hii pamoja na ukaguzi huchukua saa kadhaa. Akimaliza, huhesabu vifaa vyake vyote vya kazi, kama wauguzi wanavyohesabu mikasi na pamba chumbani mwa upasuaji, kwa sababu kifaa kimoja kilichosahaulika ndani kinaweza kuua. Kisha hufunga pini kwa uzi mwekundu mwembamba, huubana uzi kwa lakiri ndogo ya risasi yenye alama yake, na kuandika tarehe na jina lake kwenye kadi inayokaa ndani ya mkoba.

Sasa tazameni ajabu ya kazi hii. Baada ya siku 180, kwa sheria ya Marekani, parachuti hiyo ya akiba hurudishwa kwa fundi hata kama haikufunguliwa. Na mara nyingi kabisa haikufunguliwa. Fundi hukata lakiri, huvuta nje kazi yake yote nzuri ambayo hakuna jicho lililoiona, hukagua upya, na kuikunja tena mwanzo hadi mwisho. Anaweza kuifanya kazi hii maisha yake yote, na parachuti chache mno kati ya alizozikunja zikatumika. Fundi mbaya anaweza kudumu kwa miaka bila kugundulika. Ndiyo maana alama yake imebanwa kwenye risasi na jina lake limo mkobani: siku ikitumika, itajulikana ilikuwa mikono ya nani. Katika baadhi ya vyuo vya kijeshi walikwenda mbali zaidi. Mwanafunzi wa ukunjaji alitakiwa kuruka yeye mwenyewe kwa parachuti aliyoikunja. Hatuna hakika kama utaratibu huo ungefaa kwa mafundi wa breki wa Makambako, lakini madereva wa malori wangeupenda.

Käthe Paulus hakuhitaji kulazimishwa. Miamvuli yake aliishona mwenyewe, akaikunja mwenyewe, na kuirukia mwenyewe. Kwa jina la jukwaani la Miss Polly alizunguka Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya kwa miaka karibu 20. Alivaa suruali iliyofungwa magotini, jambo ambalo kwa mwanamke wa wakati ule lilizua maneno karibu kama kuruka kwenyewe. Alipaa kwa puto zaidi ya mara 500 na kuruka kwa mwavuli zaidi ya mara 100. Ndege zilipoanza kuruka, watu wakaacha kulipia maputo, na umaarufu wake ukapungua, kama ilivyo kawaida ya umaarufu.

Kisha ikaja vita ya mwaka 1914. Majeshi yalitumia maputo yaliyofungwa kwa kamba ardhini, na juu yake askari mwenye darubini alitazama mizinga ya adui na kutoa taarifa kwa simu. Puto lililojaa gesi inayowaka ni shabaha rahisi. Likipigwa huteketea kwa dakika chache, na aliyemo hana pa kukimbilia ila hewani. Paulus alikwenda kwa wenye mamlaka na mifuko yake. Alianzisha karakana Berlin, katika eneo la Reinickendorf, na humo zikatengenezwa parachuti zipatazo 7,000 kwa ajili ya jeshi la Ujerumani, pamoja na maputo yenyewe. Kila moja ilikunjwa mfukoni na kuning'inizwa nje ya kikapu cha mtazamaji, ikimngoja. Wapo waliorudi kwa wake na watoto wao kwa sababu ya mishono ya karakana ile. Mwaka 1917 serikali ilimpa nishani kwa huduma hiyo.

Kwetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini nishani ile haiwezi kusomwa kwa moyo mwepesi. Vita hiyo haikuwa ya Wazungu kule kwao pekee. Mwezi Novemba 1917, Ujerumani ilituma meli kubwa ya angani, L 59, itoke Bulgaria kuwaletea dawa na risasi askari wake waliokuwa katika nchi yetu. Kitambaa cha mwili wake kilikusudiwa kufumuliwa na kushonwa mahema na bendeji ikiisha kutua. Iligeuka ikiwa juu ya Sudan, haikufika. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba 1918, jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita Ubena hapa kwetu, likaacha nyuma wagonjwa na majeruhi, na Jenerali Wahle akiwamo. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikufa kwa maelfu kwa njaa na magonjwa, chakula cha wanakijiji kikachukuliwa, na hapakuwa na yeyote aliyewawekea hao akiba ya kitu chochote. Mwanamke yule hakuianzisha vita, wala hakushona bunduki. Alishona kitu cha kuokoa mtu anayeanguka. Lakini aliyeokolewa alipanda tena kesho yake kuelekeza mizinga. Mambo haya mawili yote ni kweli, na hatuoni sababu ya kufuta moja ili jingine lipendeze.

Baada ya vita Ujerumani ilishindwa, na mkataba wa amani ukapunguza jeshi lake na kulikataza kuwa na ndege. Mteja mkuu wa karakana akawa ametoweka. Akiba ya fedha aliyoiweka kwa miaka ya kazi iliyeyuka katika mfumuko mkubwa wa bei wa mwaka 1923, wakati noti za mamilioni zilipokuwa hazitoshi kununua mkate. Mtu aliyewafundisha wengine kuweka mwavuli wa pili hakubakiwa na wa pili kwa ajili ya uzee wake.

Aliishi Berlin kwa utulivu, bila umati na bila bendi, akisahauliwa na vijana ambao kwao anga lilikuwa la ndege. Hakuwahi kuolewa. Alifariki tarehe 26 Julai 1935 akiwa na miaka 66, akazikwa katika eneo lilelile la Reinickendorf alikokuwa na karakana yake. Katika miji kadhaa ya Ujerumani ipo leo mitaa inayoitwa kwa jina lake.